Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya, Waziri wa Katiba na Sheria na wabunge wetu: anzeni na kupima sikoseli kwenye kisigino cha mtoto mchanga, ndoa zetu ziacheni kwanza

Waheshimiwa, shikamooni.

Mimi ni mama wa watoto watatu, nauza dagaa hapa Mwaloni Kirumba, Mwanza. Sio daktari, sio mwanasheria, shule niliishia form four. Ila mtoto wangu wa pili ana sikoseli, ule ugonjwa wa damu wa kurithi, saivi ana miaka 11, na mtu ukishalala wodini miaka yote hiyo kwenye kile kiti cha plastiki unajikuta unajua mambo ambayo hukuomba kuyajua. Herufi A na herufi S nazijua kuliko nilivyozijua darasa la kwanza. Kwa asiyejua, kila mtu ana herufi mbili, moja kwa baba moja kwa mama: AA hana sikoseli kabisa, AS ni mzima ila ameibeba, SS ndo mgonjwa. Naomba mnivumilie, nitaandika kama ninavyoongea.

Kilichonifanya nishike simu niandike ni hii kelele ya kila mwaka. Ikifika tarehe 19 Juni, siku ya sikoseli duniani, viongozi wanasimama wanahimiza vijana wapime kabla ya kuoana, na mimi sina ugomvi na hilo, natamani kuna mtu angeniambia enzi zangu. Af sasa zikipita siku mbili huku mitandaoni ndo wanaanza, iwe sheria bwana, asiye na cheti cha sikoseli asifungishwe ndoa, AS na AS wakatazwe kabisa, kwani Uarabuni si wamefanya na mambo yao yananyooka. Wanaosema hivyo wanazidi kuwa wengi na wengine ni watu wenye sauti huko mliko, ndo maana nawaandikia mapema kabla sijaamka siku moja nikakuta muswada.

Ngoja kwanza niwaambie ilivyokuwa kwetu.

Mtoto alizaliwa mzima, mnene, analia vizuri. Kufika miezi 8 mikono na miguu ikavimba, vidole vimejaa kama ndizi mbivu, hataki kuguswa. Tukaenda hospitali moja huku huku kanda ya ziwa, siitaji, tukapewa dawa ya malaria na panadol tukarudi. Mwezi unaofuata tena, dawa ya malaria. Macho yakawa ya njano, tukaambiwa manjano yataisha. Mama mkwe wangu akasema huyu kapigwa jicho, tukapelekwa kwa mzee mmoja akachanja chale kwenye viganja vya mtoto wa mwaka mmoja, mpaka leo zipo. Silaumu sana, hakuna mtu alikuwa ametupa neno lingine la kutumia.

Ana miaka miwili na nusu damu ikaisha kabisa, mtoto mweupe viganjani kama karatasi. Wakati wanatafuta chupa ya damu daktari mmoja kijana akauliza, mama huyu mlishampima sikoseli? Na bahati akachukua kipimo kabla ya kumuongezea damu, maana baadae ndo nimekuja kujua ukipima mtu ambaye ametoka kuongezewa damu ya mwenzie unaweza ukasoma damu ya mwenzie. Majibu yakaja SS. Nimeambiwa wapi? Kwenye korido. Wifi yangu amesimama pembeni ameshika chupa ya uji, mgonjwa wa kitanda cha jirani anasikiliza, na nesi anasoma kwa sauti kama anaita namba ya daladala.

Jioni ile ile ukoo mzima wa mume wangu ulikuwa unajua. Wiki ile ile kikao. Nikaambiwa kwetu tuna damu mbaya, kwamba ndo maana mama yangu alizika watoto wawili, na kwamba kwao hakuna kitu kama hicho tangu babu na babu. Hakuna hata mmoja kwenye kile kikao aliyejua kwamba ili mtoto awe SS lazima achukue S moja kwa mama na nyingine kwa baba. Mimi mwenyewe sikujua, nililia tu nikanyamaza. Mume wangu alikataa kupima miaka miwili. Alipokuja kupima akakutwa AS, sawa na mimi, mzima wa afya, anabeba magunia ya dagaa kila siku ya Mungu. AS ndo ilivyo, haiumwi, haina sura, utazeeka nayo hujui.

Na alivyokutwa AS hakuna aliyeitisha kikao kingine.

Kitu kingine ambacho watu hawakielewi, na nadhani hata baadhi yenu, ni hii hesabu. Mama mkwe alivyokuja kutulia akasema haya, daktari kasema mmoja kati ya wanne, basi huyu ndo huyo mmoja, watatu wanaobaki wako salama, zaeni. Hapana jamani. Chukueni sarafu mbili za mia, moja ya baba moja ya mama, upande mmoja A upande mwingine S, rusheni. Zikiangukia S na S mtoto ni mgonjwa. Mimba inayofuata mnaziokota mnarusha tena, sarafu hazikumbuki zilivyoanguka mwanzo. Namjua mama ana watano, watatu SS. Namjua mwingine ana sita wote wazima, na yeye na mumewe ni AS wote, walijua ukubwani kwa sababu ya mjukuu.

Sasa kwanini nasema huku kwetu hii habari sio ya watu wachache. Nchi nzima takwimu mnazozitaja wenyewe ni watoto kama 11,000 wanazaliwa na sikoseli kila mwaka, tupo kwenye nchi nne tano za juu duniani, tunafuatana na Nigeria, India na Kongo. Na kanda ya ziwa watafiti walishapima vitone vya damu vya watoto zaidi ya 17,000 wa mikoa yetu hii ya kaskazini magharibi, wakakuta kama 20 kati ya kila watoto 100 wana S moja, na zaidi kidogo ya mmoja kati ya 100 ni mgonjwa kabisa. Ishirini kwa mia. Kwaiyo mkisema AS asioe AS, mnaongelea mtu mmoja kwenye kila watano hapa sokoni. Nimesimama hapa Mwaloni nahesabu wauza dagaa, mmoja, wawili, watatu, wanne, huyo.

Na sio laana wala uchafu wa ukoo. Kuna daktari anaitwa Anthony Allison, alikulia Kenya, miaka ya 1949 mpaka 1954 alizunguka huku Afrika Mashariki anatoa watu damu, akaona S imejaa pwani na kandokando ya ziwa ambako mbu wamejaa, na huko milimani kwenye baridi ni chache. Akaja kuonyesha kwamba mtoto mwenye S moja malaria kali haimuui kirahisi. Yaani hii S ndo iliwavusha bibi zetu. Walionusurika ndo waliotuzaa. Mimi siku nilipoelezwa hivyo na mwanafunzi mmoja wa udaktari pale wodini nilitamani nikiitishe kile kikao upya.

Turudi kwenye sheria ya ndoa mnayoshawishiwa muitunge.

Wanaotolea mfano Saudia waseme mfano wote. Ni kweli tangu 2004 ukitaka kuoa kule lazima upime sikoseli na thalasemia, ugonjwa mwingine wa damu wa kurithi. Ila sheria ile haikatazi ndoa, inalazimisha kipimo na ushauri tu, mkitaka kuendelea mnaendelea. Na mwaka wa kwanza walioambiwa damu zenu zina hatari wakaacha kuoana walikuwa kama 9 tu kwenye 100. Tisa! Wengine wote ukumbi umeshalipwa, ndugu wameshakula posa, wakafunga ndoa hivyo hivyo. Ilipofika 2009 ndo waliovunja uchumba wakafika nusu na kidogo, baada ya miaka ya kuelimisha watu. Kwaiyo cheti peke yake hakikufanya kitu, na kule serikali ina hela za kuweka kliniki na washauri.

Wengine wanasema Saiprasi. Ndio, kanisa lao tangu miaka ya 80 linataka cheti cha thalasemia kabla ya ndoa, na watoto wanaozaliwa na ugonjwa walipungua mpaka karibu na sifuri. Ila wachumba wengi kule hawakuachana, walioana, wakapima mimba, ikikutwa mtoto mgonjwa wengi waliitoa. Sasa nyie mnajua sheria yetu ya kanuni ya adhabu inasemaje kuhusu kutoa mimba, na mnajua misikiti na makanisa yetu yanasemaje. Ukichukua nusu ya dawa ya mwenzio usitegemee kupona kama yeye.

Halafu fikirieni inavyokuwa kwa watu wa kawaida. Sheria ya Ndoa ya 1971 inataka taarifa ya siku 21 kabla ya ndoa. Kufikia hapo kwa desturi zetu mshenga ameshaenda, mahari imeshapokelewa nusu, kamati ya harusi imeshachangisha, kadi zimeprintiwa, binti kashafanyiwa sendoff. Kipimo kikija kusema AS na AS siku ya 15, nani atakayeaibika? Sio kijana wa kiume, nawahakikishia. Ataambiwa binti ana kasoro. Na kijana mwenyewe atakwenda kuoa mwingine bila kumwambia kitu. Na wale ambao hawafungi ndoa wanaishi tu pamoja wakazaa, ambao ni wengi sana tusidanganyane, hiyo sheria itawakuta wapi?

Tena vyeti vyenyewe, nchi hii hii, vitauzwa. Nani asiyejua. Tuliona enzi zile wachungaji wanadai cheti cha ukimwi kabla ya kutangaza ndoa, watu walikuwa wanatuma ndugu zao wakapimwe. Mpaka Bunge mwaka 2008 likatunga sheria ya ukimwi, ikasema kumpima mtu kwa lazima hapana, isipokuwa sehemu chache zilizotajwa, na majibu ni siri. Mlikuwa mmejifunza kitu pale. Msikisahau kwa sababu herufi zimebadilika.

Mnajua Linus Pauling? Mmarekani, mwanasayansi aliyepata Nobel mbili, moja ya kemia na moja ya amani, na ndo yeye na wenzie mwaka 1949 walionyesha kwamba sikoseli ni ugonjwa wa molekuli, kwamba hemoglobini yenyewe, ile inayobeba hewa kwenye damu, ndo imekosewa. Mtu wa akili hivyo, mtu wa amani hivyo, mwaka 1968 aliandika kwamba vijana wenye S wachorwe tatuu kwenye paji la uso ili AS wakionana wasipendane. Paji la uso! Alikuwa na nia nzuri kabisa, alitaka watoto wasiteseke. Mimi nikisikia mtu anasema cheti kibandikwe ubaoni kanisani pamoja na matangazo ya ndoa, namkumbuka huyo mzee.

Na kule kwao haikuishia kwenye maneno. Miaka ya mwanzo ya 70 majimbo kadhaa yalitunga sheria za kulazimisha watu weusi kupima, wengine watoto wa shule, wengine wanaotaka kibali cha ndoa, na waliozitunga hawakujua hata tofauti ya AS na SS. Watu wazima wenye afya wakanyimwa bima, wakanyimwa kazi, chuo cha jeshi la anga kiliwakatalia AS mpaka 1981. Mwaka 1972 serikali kuu yao ikabidi itoe sheria ya kusema hela yetu inakwenda kwenye vipimo vya hiari. Ilichukua mpaka 2008 kupata sheria kamili ya kukataza bima ya afya na mwajiri kumbagua mtu kwa vinasaba vyake, na hata hiyo haikugusa bima ya maisha.

Sasa nifike kwenye kitu ambacho sijawahi kumsikia kiongozi yeyote anakiongelea, na ambacho mimi kinaninyima usingizi zaidi.

Kuna siku wodini, miaka kama minne iliyopita, kulikuwa na familia, baba, mama na mtoto mgonjwa, SS. Daktari akasema tuwapime na wazazi ili tuwashauri kuhusu watoto wengine. Nia njema. Mama AS. Baba AA. Mnaelewa hapo nini kimetokea? Baba AA hana S ya kutoa. Mimi nilikuwa kitanda cha pili, nilielewa kabla ya yule baba kuelewa, kwa sababu nilishazifahamu zile sarafu. Nikaona uso wa yule mama. Nesi kashika karatasi, anaangalia karatasi, anaangalia mlango. Yule baba ndo alikuwa analala chini ya kitanda cha mtoto wiki nzima, anamlisha, anamnyanyua kwenda chooni.

Nchi yetu ina sheria ya vinasaba vya binadamu, ya 2009. Ukitaka kujua mtoto ni wa nani huendi tu pale kwa Mkemia Mkuu wa Serikali ukalipa ukapewa jibu dirishani, ombi linapita mahakamani, ustawi wa jamii, kwa wakili na kadhalika, na nasikia wengi wanalalamika urasimu lakini mimi naona waliotunga walikuwa na akili, walijua jibu hilo linaweza kuua mtu. Ila huku mlango wa nyuma upo wazi kabisa. Kipimo cha sikoseli cha bei ya soda kadhaa kinaweza kutoa jibu lile lile, mbele ya wodi nzima, bila wakili bila ustawi wa jamii. Na tena jibu lenyewe linaweza kuwa la uongo! Sampuli zinachanganywa. Baba anaweza kuwa na tatizo lingine la damu, thalasemia, ambalo kipimo cha haraka hakilioni. Baba aliyeongezewa damu mwezi uliopita anaweza kusomeka vingine. Nani anamueleza hayo? Muongozo gani unamwambia yule nesi aseme nini, amwambie nani, amuite mama peke yake kwanza au amezee? Niliuliza, nikaambiwa inategemea busara. Busara ya binti wa miaka 23 aliyekuwa zamu ya usiku.

Nyie mnataka kila wachumba na kila wazazi wapimwe kwa lazima, halafu hamjaandika hata ukurasa mmoja wa nini kifanyike siku herufi zikigoma kujumlishika. Yule baba, kwa taarifa yenu, nesi hakumwambia. Alisema majibu ya baba hayajakamilika. Sijui alikosea au alipatia, nimebishana na nafsi yangu miaka minne.

Kwaiyo mnauliza basi tufanye nini, wewe mama dagaa unapinga tu. Sipingi kupima. Nasema anzeni na mwenye haraka, na mwenye haraka ni mtoto.

Mtoto mchanga. Tone moja la damu kisiginoni, kabla hajatoka hospitali au akija chanjo ya kwanza. Ghana walianza Kumasi mwaka 1995. Hata hapa kwetu Muhimbili na Bugando wameshafanya kwa baadhi ya watoto, kwaiyo sio ndoto. Siku hizi kuna vipimo vidogo kama vya malaria vinavyotoa jibu ndani ya dakika chache, havihitaji umeme wala maabara. Na wale watoto 17,000 niliowataja, vile vitone vya damu vilikuwa tayari vimekusanywa kwa ajili ya kupima HIV kwa watoto wachanga, yaani bajaji zinazopeleka vikaratasi vyenye vitone vya damu zipo, majokofu yapo, watu wapo. (Hapo nitie neno: damu ikitolewa kwa kazi moja ikatumika kwa nyingine, mama aulizwe na aelezwe. Mimi ukiniuliza nitakubali, ila niulize.)

Kwanini mtoto? Kwa sababu anayejulikana mapema anaishi. Kwa Afrika wanakadiria nusu na zaidi ya watoto wa SS ambao hawajatambuliwa wanakufa kabla ya miaka mitano, homa tu, nimonia tu, na mzazi anaandikiwa malaria. Mwaka 1986 ilishaonyeshwa kwamba penisilini ya kila siku, dawa ya bei ya pipi, inapunguza maambukizi mabaya kwa watoto hawa kwa zaidi ya asilimia 80. Elfu moja mia tisa themanini na sita, nilikuwa sijazaliwa! Na haidroksiyurea, ile dawa ya kidonge, 2019 yalitoka majibu ya utafiti uliofanyika kwa watoto wa Kilifi hapo Kenya, Mbale Uganda, Kinshasa na Luanda, maumivu yalipungua, kuongezewa damu kulipungua, vifo vilipungua, na hata malaria ilipungua. Mwanangu anaitumia. Kabla yake alikuwa analazwa karibu kila mwezi, mwaka jana amelazwa mara mbili. Shida ni kwamba dirisha la dawa lina siku zake, leo ipo kesho haipo, na ukiikosa unakwenda kununua duka la nje kwa hela ya mtaji.

Mkimpima mtoto mchanga mmewapata na wazazi bila kuvunja uchumba wa mtu. Wanajua kabla ya mimba inayofuata. Wanakaa na mtu anayejua kuongea, anawaonyesha sarafu, halafu wanaamua wao na Mungu wao. Na yule mtoto AS anakua akijua herufi yake kama anavyojua siku ya kuzaliwa, akifika miaka 18 sio habari mpya inayokuja na mshenga mlangoni. Kijana anayetaka kupima mwenyewe kabla hajampenda mtu, mpeni kipimo bure, kwenye kliniki za vijana, shuleni kwa ridhaa, sio siku 21 kabla ya harusi.

Halafu mtu wa kuongea nao. Mimi hospitali ya wilaya sijawahi kukutana na mtu ambaye kazi yake ni kueleza watu mambo ya vinasaba. Yupo wa lishe, yupo wa uzazi wa mpango, yupo wa ushauri nasaha wa HIV. Wale wa HIV kwanini msiwaongezee hili somo? Wanajua kufunga mlango, wanajua kushusha sauti. Hicho tu kingeniokoa mimi na kile kikao.

Sheria ya kulinda taarifa binafsi mmeshaitunga, ya 2022, ikaanza kazi Mei 2023, na taarifa za vinasaba zimewekwa kwenye zile nyeti. Hongereni, kwa kweli. Sasa mshukeni nayo mpaka kwenye korido. Kitabu cha rejista kisikae wazi mezani. Mwajiri asimuulize dereva wa lori au binti wa kiwandani kama ni AS. Na hii bima ya afya kwa wote, sheria ya 2023, wekeni kwenye kanuni kwa maneno ambayo hata wakala wa bima hawezi kuyapinda, kwamba mtoto aliyezaliwa SS haambiwi amekuja na ugonjwa wake kutoka nyumbani. Amekuja nao ndio, alitoka nao tumboni, angeuacha wapi.

Kuhusu hii tiba mpya ya kuhariri jeni, yaani kurekebisha vinasaba vya mgonjwa, naulizwa sana, wenzangu wa kwenye grupu wanatumiana video. Uingereza waliipitisha Novemba 2023 na Marekani Desemba, inafanya kazi, Mungu ni mkubwa, bei yake kule ni dola milioni 2.2 kwa mgonjwa mmoja, zaidi ya shilingi bilioni 5. Sitaki kuongea sana hapa. Dodoma hospitali ya Benjamin Mkapa wanapandikiza uloto, ule wa ndani ya mifupa unaotengeneza damu, kwa watoto wenye sikoseli tangu 2023, hiyo angalau ipo ndani ya mipaka, ila inataka ndugu ambaye uloto wake unafanana na wa mtoto na wengi hawana. Mimi binti yangu mkubwa alishaniuliza mama kama nafanana nae si nimpe. Ana miaka 14. Na hilo nalo ni swali la sheria, mtoto wa miaka 14 anaruhusiwa kusema ndio? Anaruhusiwa kusema hapana, kwenye ukoo kama wetu?

Mwisho nimalizie na huyu wangu mdogo, wa tatu. Nilipojifungua niliomba mwenyewe apimwe, nilisumbua sana mpaka wakampima, wiki ile ile. AS. Nilishukuru nikapiga magoti pale pale wodini. Nesi akachukua kalamu nyekundu akaandika AS kubwa juu ya kadi ya kliniki, kwenye jalada, pale ambapo kila anayepanga foleni ya mizani anaona. Alikuwa dada mzuri tu, alitaka nisisahau. Nilivyofika nyumbani nilibandika stika ya mdoli juu yake. Ipo mpaka leo, kila tukienda kliniki nesi anataka kuibandua aone kuna nini chini, nami namuomba aiache.

Ni mimi,
mama wa watatu, Mwaloni, Mwanza.